Futi Moja na Nusu

Jumatano ile, jua likiwa limeshajificha nyuma ya mlima, Bibi Anande alinyoosha mkono kuchukua kibuyu cha maziwa na mkono ukaishia hewani. Msumari ulikuwa palepale marehemu mumewe alipoupigilia, kwenye nguzo ya jiko, na kibuyu kilining'inia kama siku zote. Aliyebadilika ni yeye. Mwaka wa pili sasa alikuwa akimwita mjukuu wake Lilian aje amtungulie.

Alifungua kinywa amwite, akakifunga. Mwanawe Sifaeli, baba yake Lilian, alikuwa uani akizungumza kwenye simu. Alikuwa akizungumza na binamu yake Agnela, aliyekuwa akiishi Kijenge, mjini Arusha, na Bibi hakuhitaji kusikia upande wa pili ili ajue habari yenyewe. Sifaeli alisema ndiyo, njooni Jumamosi mumchukue Lilian. Akasema mtoto ni mpole, anapika, anafua, na anajua kubembeleza watoto. Akamaliza kwa kusema kwamba shule haina miguu ya kukimbia, ataanza tu mwakani.

Bibi akaegemea nguzo. Neno hilo, mwakani, alilijua kama mtu anavyolijua jiwe lililomvunja kidole. Yeye mwenyewe aliambiwa mwakani na baba yake akiwa na miaka kumi na mitatu, na mwakani ile ikazaa mwakani nyingine, mpaka akaolewa. Alipokuja kusoma jina lake mwenyewe kwenye ubao alikuwa na miaka sitini na mmoja, katika darasa la jioni la watu wazima pale kanisani, vidole vimekakamaa kwa jembe, chaki ikimvunjikia mkononi. Siku hiyo alilia, mwalimu akadhani anaumwa.

Lilian alikuwa amefaulu darasa la saba na kupangiwa kidato cha kwanza sekondari ya kata, mwendo wa saa nzima kushuka bonde na kupanda. Ada haikuwa ikitozwa. Sare mama yake alikwisha kumshonea. Kilichobaki ni kitu kimoja tu: wazazi wa shule ile walikuwa wamekubaliana mkutanoni kwamba kwa kuwa madawati hayatoshi, kila mtoto mpya aje na kiti chake na meza yake, na asiyekuwa navyo hataandikwa. Muda ulikuwa umeongezwa mara moja. Mwisho sasa ulikuwa Ijumaa, saa nane mchana. Baada ya hapo nafasi zilizobaki wangepewa watoto wa chaguo la pili.

Na jambo lililomchoma Bibi zaidi ni kwamba meza ilikuwemo humo humo ndani.

Ilikaa sebuleni, pembeni mwa kabati, imefunikwa kitambaa cheupe cha kudarizi, kiti chake kimesukumwa chini yake. Sifaeli aliuza ndama ili amtengenezee Hans, mwanawe wa kwanza. Hans alisoma nayo mwaka mmoja na miezi minne, kisha akaacha shule akaenda Usa River kuendesha bodaboda. Sifaeli akaifuata meza shuleni, akaibeba mgongoni kuja nayo nyumbani, akaifunika. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa hata kuwekea kikombe juu yake. Hans atarudi shule, alisema Sifaeli, na akirudi akute mahali pake.

Wakati wa chakula cha jioni Bibi alisema. Alisubiri kwanza mwanawe ale loshoro yake, mahindi na maziwa ya mgando, mpaka nusu ya bakuli, maana mwanamume mwenye njaa huzungumzi naye jambo.

"Baba Hans," alisema, "hii meza impeleke Lilian shule. Hans akirudi, mtoto atamrudishia."

Sifaeli hakuinua macho. "Mama, hilo tumeshalimaliza."

"Mmelimaliza wewe na nani?"

Mkewe, Mama Hans, aliangalia mikono yake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na ndizi zote alizouza sokoni Tengeru tangu Novemba zilikuwa zimeingia kwenye ile sare.

Sifaeli aliweka bakuli chini. Akaeleza kwa upole, kama anayemweleza mgeni, kwamba mwaka huu kahawa haikulipa, hana mbao wala hana fundi. Kwa Agnela mtoto atakula vizuri na kuvaa vizuri. Mwakani ataangalia. Ila meza ya Hans isiguswe.

"Meza ya mtu angali hai haigawiwi," alisema. "Ukiigawa, umeshamzika."

Hapo Bibi akaelewa kwamba huyu hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anaogopa. Baba aliyemkosa mtoto alikuwa ameishika meza kama mtu anayezama anavyoshika mzizi. Lakini kuelewa hakukumwondolea Bibi hofu yake, kwa sababu Lilian alikuwa amekaa mlangoni, sahani kwenye magoti, hali wala halii, na macho yake yalikuwa yale ya msichana mmoja wa miaka mingi iliyopita.

Bibi alisali kuliko kawaida yake usiku ule. Hakuomba muujiza. Alimwambia Mungu kwamba mtoto huyu ni wake Yeye kabla hajawa wa Sifaeli, na kwamba kama kuna kitu ndani ya nyumba hii ambacho ni cha Anande mwenyewe, cha kuweza kutolewa bila kumwomba mwanamume ruhusa, basi amwonyeshe. Shamba lilikuwa la ukoo. Ng'ombe alikuwa wa Sifaeli. Akaamka alfajiri, akaenda jikoni, akanyoosha tena mkono kwenye kibuyu, ukakosa tena kwa upana wa viganja viwili. Akabaki ameuinua mkono vile, akiutazama msumari.

Kisha akainua macho zaidi, mpaka darini.

Kule juu, juu ya moshi wa miaka, zililala mbao sita za mtarakwa. Mumewe alizipasua enzi za ujana wao wa mwisho na kuzikata kwa kipimo cha mkewe. Alimsimamisha mlangoni siku moja na kumpima kwa kamba ya mgomba, akidanganya kwamba anataka kumnunulia gauni. Gauni halikuja. Mbao zilikuja, za urefu wa futi sita na nusu, kwa sababu Anande wa siku zile alikuwa mrefu kuliko wanawake wote wa usharika. Mzee alikuwa na zake, akazikwa nazo. Hizi zilikuwa jeneza la Bibi, na kila mtu pale kijijini, juu kidogo ya Nkoaranga, alijua zipo. Pia kila mtu alijua kwamba mbao za namna hiyo hazishushwi mwenyewe akiwa anapumua. Kuzishusha ni kubisha hodi, na huko unakobisha hawachelewi kufungua.

Sifaeli alipokwenda kupogoa kahawa, Bibi alimtuma Lilian akamwite fundi Solomoni, aje na msumeno, randa na tepu.

Solomoni alikuja akipiga mluzi. Alipoambiwa azishushe, mluzi ulikatika. Alisema Bibi, samahani, mimi ni fundi wa milango na mabanda ya kuku, hiyo kazi ina wazee wake. Bibi akamuuliza kama anamwogopa Mungu au anaogopa mbao. Solomoni akafikiri, akajibu kwamba kwa kweli anaogopa vyote viwili, ila anamwogopa zaidi Sifaeli. Hata hivyo alipanda ngazi. Mbao zikashuka moja moja, nyeusi kwa masizi, na alipopitisha randa kidogo kwenye moja wekundu wake ukatokea na harufu ikajaa uani, kali na tamu, kama vile mti umekatwa jana.

Akazipanga tatu chini, ubavu kwa ubavu. Bibi akavua kandambili, akajifunga kanga vizuri, akalala juu yake chali.

"Bibi, usifanye hivyo," Lilian alisema. "Mimi nitakwenda Kijenge. Sitaki shule ya kukuua."

"Nyamaza uhesabu. Solomoni, pima."

Solomoni alipiga magoti, tepu mkononi, jasho likimtoka mtu ambaye hajafanya kazi yoyote. Bibi alitazama mawingu yakishuka kutoka mlimani. Mgongo ulikuwa unauma. Moyo ulipiga kwa nguvu hata akawaza kwamba pengine wazee walisema kweli, pengine ni hivi watu wanavyoitika hodi. Akasali kimoyomoyo maneno mawili tu, Bwana ngoja, na akayarudia. Tepu iligusa kisigino chake, ikawa baridi.

Hapo ndipo Sifaeli alipotokea kwenye migomba, panga la kupogolea begani. Nyuma yake alikuwa Mama Hans na beseni la majani ya ng'ombe kichwani.

Sifaeli alimwona mama yake amelala juu ya mbao za jeneza, macho juu, fundi ameinama miguuni. Panga likamponyoka. Alipita ule uwanja kwa hatua tatu, akaanguka kwa magoti, akamshika mama yake mkono, na aliposikia mkono ule una joto na unamfinya, uso wake ukabadilika kutoka rangi moja kwenda nyingine.

"Mama. Unatufanyia nini?"

"Napimwa," alisema Bibi. "Ngoja amalize."

Sifaeli akamgeukia Solomoni, na Solomoni akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa banda la ng'ombe. Sifaeli alisema mengi. Alisema watu watasema nini, kwamba mtoto wa Mzee Sumari amemnyang'anya mama yake jeneza? Alisema amelaaniwa nyumbani kwake mwenyewe, mchana kweupe. Akamwamuru Solomoni arudishe kila ubao ulipotoka kabla hajamvunja mkono. Bibi alimwacha amalize, kisha akaomba kuinuliwa. Mama Hans akaweka beseni chini, akaja, akamwinua. Hakumwangalia mumewe.

"Sema kipimo," Bibi alimwambia fundi.

Solomoni aliisoma tepu. "Futi nne na inchi tisa, Bibi. Ukiweka na nafasi ya kichwa na miguu, futi tano zinakutosha."

"Na ubao?"

"Sita na nusu."

Bibi akamgeukia mwanawe. Alikuwa anahema, lakini sauti yake ilikuwa tulivu.

"Baba yako alimpima mwanamke mrefu. Yule hayupo tena, Sifaeli. Mungu amenipunguza kidogo kidogo, na nilichopunguzwa ni futi moja na nusu, kwenye kila ubao. Sikatwi jeneza. Nakatwa kilichozidi."

"Haigawiwi," alisema Sifaeli. "Mali ya mtu angali hai..."

"Asipoigawa mwenyewe. Mimi nimegawa. Nina pumzi na nina akili, nimegawa. Hans naye ana pumzi. Umewahi kumuuliza?"

Sifaeli aliokota panga lake. Kwa kitambo Solomoni hakujua panga lile linakwenda wapi, wala hakuna mwingine aliyejua. Kisha Sifaeli akaligeuza, akaliweka begani, akaondoka kwa njia ileile ya migomba. Waliyasikia majani makavu yakivunjika chini ya miguu yake, mbali na mbali zaidi.

"Kata," alisema Bibi.

Vipande vitatu, ubavu kwa ubavu, vilitosha uso wa meza ya mwanafunzi. Cha nne na cha tano vikawa mbavu za kuushika. Miguu Solomoni aliitoa kwake, ya mti wa mgrivea, iliyobaki kwenye kazi ya mtu. Kufika jioni meza ilikuwa imesimama. Lakini kiti hakikuwepo. Kipande cha sita hakikutosha hata kikalio, na miguu mingine Solomoni hakuwa nayo. Bibi akasema atachukua kigoda chake cha jikoni, Mungu atajua la kufanya. Sifaeli alirudi, akala peke yake, akalala bila kusema neno. Asubuhi ya Ijumaa alikuwa ameshatoka kabla ya mtu yeyote kuamka.

Walishuka bondeni wawili, Lilian na meza kichwani, Bibi na kigoda mkononi na fimbo. Mama Hans alibaki na ng'ombe anayezaa. Mvua ilikuwa imepita usiku na njia ilikuwa utelezi mtupu. Mara mbili Lilian aliitua meza ampe Bibi mkono. Walipofika shuleni ilikuwa saa saba na dakika kumi, na foleni ilikuwa ndefu.

Mwalimu Hedwiga, aliyeshika daftari la kidato cha kwanza, alikuwa mwanamke wa Kilimanjaro, mnene, mwenye miwani na haraka. Alisoma fomu ya Lilian, akasoma cheti, akaigonga meza kwa vifundo vya vidole. Akainama akainusa.

"Hii mmeitoa wapi? Hii si meza ya mtoto, hii ni meza ya askofu. Kiti kiko wapi?"

Bibi akaweka kigoda mbele. Wavulana wawili kwenye foleni wakaangua kicheko. Mmoja akasema huyo anakuja kukamua ng'ombe.

Mwalimu Hedwiga hakucheka. Alimwambia Lilian akae. Lilian akakaa, na uso wa meza ukamfika kidevuni.

"Shikamoo, Bibi," alisema Mwalimu kwa sauti ya chini, kama ndiyo kwanza anamwona. Bibi akaitikia marahaba. "Huyu ataandikaje hapa miaka minne? Na nikimwandika wa kigoda leo, wale niliowarudisha jana nitawaambia nini? Mama mmoja amelala njiani kwa ajili ya kiti."

Bibi alisema anaelewa. Akauliza saa ngapi.

"Saa saba na nusu. Mpaka saa nane kamili sifungi daftari. Zaidi ya hapo si mimi, ni mkuu wa shule."

Wakasogea pembeni chini ya ukuta wa darasa. Bibi akakaa kwenye kigoda, meza mbele yake, kiganja juu ya mtarakwa. Foleni ilipungua. Kila mtoto aliyeandikwa aliinua kiti chake na kukipitisha mlangoni, miguu ikigonga fremu. Lilian alisimama amenyooka. Hakulia. Alisema tu kwamba Jumamosi atakwenda Kijenge bila kusumbua, na meza Bibi aiweke vizuri, asimpe mtu.

"Mwakani usiniambie," alisema Bibi. "Hilo neno lisitoke kwako."

Akafumba macho. Alikuwa hajui aombe nini tena. Alichokuwa nacho alikwisha kukitoa, hata kile kilichokuwa cha kaburi. Kwa hiyo hakuomba. Alikaa tu mbele za Mungu kama alivyokaa mbele ya ubao wa darasa la jioni, akisubiri kuonyeshwa herufi inayofuata.

Foleni iliisha. Mwalimu Hedwiga akatazama saa ya mkononi, akawatazama, akafunika kalamu yake. Hakufunga daftari. Akaifunua tena kalamu, akaifunika.

Lilian ndiye aliyemwona kwanza. Mtu alikuwa anapanda kutoka bondeni, anateleza, anashika majani, anapanda tena, na kitu begani. Alikuwa amelowa matope mpaka magotini. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya Mwalimu, akakishusha kiti, akakifuta kwa kiganja cha mkono, mara mbili, pale ambapo hapakuwa na vumbi.

Nyuma ya egemeo palikuwa na rangi nyeupe iliyokwanguliwa kwa kisu. Jina la Hans lilikuwa limetoka lote isipokuwa herufi moja ya mwisho, ambayo kisu hakikuimaliza, au mkono haukutaka.

"Nimetoka Usa River," alisema Sifaeli. Alimwambia Mwalimu, lakini alikuwa anamwangalia mama yake. "Nilikwenda kumuuliza mwenyewe."

Hakusema Hans alijibu nini. Uso wake ulisema vya kutosha, na Bibi hakumuuliza.

"Jina la mwanafunzi?" Mwalimu Hedwiga alisema, kalamu wazi.

"Lilian Sifaeli Sumari," alisema Lilian, kabla baba yake hajavuta pumzi.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika nne. Lilian aliinua meza, baba yake akainua kiti, lakini mlangoni akamkabidhi, kwa kuwa wazazi hawakuruhusiwa kuingia darasani. Alibaki amesimama pale mpaka aliposikia miguu ya kiti ikikaa sakafuni. Kisha akaja kukichukua kigoda.

Walipanda wawili, polepole. Penye mwinuko mkali zaidi Sifaeli alimshika mama yake kiwiko. Alisema alipitia nyumbani kuchukua kiti, akazikuta mbao bado ziko uani, akazirudisha darini. Amezipima mwenyewe. Zinatosha.

"Si nilikwambia," alisema Bibi.

Wakapita mashamba mawili. Ile meza ya sebuleni hakuitaja, naye mama yake hakuitaja. Labda itakaa na kitambaa chake mwaka mwingine.

"Na Agnela?"

"Nimempigia. Amekasirika. Nimemwambia Jumamosi nina kazi."

"Unayo," alisema Bibi. "Ule msumari wa kibuyu. Utaniteremshia. Kuanzia sasa mchana hakuna wa kunitungulia."

Sifaeli akasimama, akamtazama mama yake kuanzia kwenye kilemba mpaka kwenye kandambili zenye matope, kama anayempima.

"Nikuteremshie kiasi gani, Mama?"

"Viganja viwili," alisema Bibi. "Hapana. Weka vitatu. Bado sijamaliza kupungua."